Mfupa wa Meza ya Mwisho

Hiram alikuwa ameshapita geti la shule, mnyororo wa baiskeli ukilia, gunia tupu limefungwa nyuma, Madam Phylis, mkuu wa shule, alipomwita kutoka mlangoni mwa ofisi.

"Mwalimu! Usiniletee mifupa ya ng'ombe! Wamesema mbuzi!"

"Madam, mbuzi waliolala huko wanatosha kujenga nyumba," Hiram akajibu bila kugeuka, akazidi kukanyaga.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka ambao mvua ilisahau njia ya Kajiado. Wenye mifugo walikuwa wamehama, wengine wakilisha ng'ombe kando ya lami hadi Nairobi. Waliobaki kwenye mbuga walikuwa mizoga.

Mtihani wa Biology wa Form Four ulikuwa na mambo yake. Kabla ya siku ya vitendo, maagizo ya siri yanafika, na shule inajitafutia vitu vya kuwawekea watahiniwa mezani. Mara majani, mara maini. Safari hii ilikuwa mifupa ya mbuzi, pingili za uti wa mgongo za kiunoni, kila mtahiniwa na yake. Shule kubwa zilifungua makabati. Shule hii ya kutwa nje ya Kitengela, maabara yake ikiwa banda la mabati lililokuwa stoo ya mahindi, ilimtuma Hiram. Yeye hakuwa amesomea ualimu. Alitoka Nyandarua na cheti chake cha Form Four, akaajiriwa na kamati ya wazazi, na Biology aliijua kwa kusoma kitabu usiku ili aifundishe asubuhi.

Mbuzi aliwapata kwenye korongo, wamerundikana pale walipokuja kutafuta maji. Upepo ulikuwa umekufa. Tai walikaa juu ya migunga kama waliokatazwa kushuka. Hiram aliokota upesi, na kila alipoinama alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake, mtu mwenye subira. Akigeuka, ni baiskeli tu, nayo imeanguka tena.

Pingili ya mwisho ilikuwa peke yake juu ya jiwe bapa, safi, kama imewekwa. Akaitia guniani akaondoka bila kufunga gunia vizuri.

Alizichemsha, akaziloweka kwenye Jik ya kung'arishia nguo, akazianika juu ya bati. Zote zikakauka zikawa nyeupe. Moja ilibaki na unyevu, hata jua lilipokuwa la kuchoma nyayo. Hiram alisema moyoni ni umande, akaacha hivyo.

Wiki hiyo akawanoa wanafunzi.

"Mkipewa mfupa, andikeni mbuzi. Msiugeuze-geuze mkipoteza muda. Msahihishaji haoni mfupa wenu. Anaona karatasi, na jibu lake analo tayari. Mpeni jibu lake."

"Na wakileta wa tembo, mwalimu?" akauliza Katoo, ambaye darasa zima lilimngojea afungue mdomo ndipo licheke.

"Andika mbuzi."

"Na wakileta wa Madam?"

"Andika mbuzi, halafu ukimbie."

Wakacheka hadi mabati yakatetemeka. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, cha Kafiya.

Kafiya ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa. Baba yake, Abdiladif, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo pale Kitengela. Mwanzoni mwa mwaka alimshika Hiram mkono sokoni akamwambia, "Mwalimu, huyu nataka awe daktari. Nimechoka kupeleka wagonjwa Nairobi ndani ya lori la mbuzi." Hiram akamwahidi. Akamwambia hiyo Biology aihesabu iko mfukoni.

Lakini mwezi wa nane ndugu yake Abdiladif, Hilowle, alitoka Kajiado na kundi la mbuzi akipita mbugani. Mbuzi wachache walifika. Hilowle hakufika. Tangu hapo jamaa yote ilikuwa ikitafuta, na Kafiya naye aliacha shule akaenda nao. Madam Phylis alishakata tamaa naye.

Asubuhi ya mtihani Hiram alipanga sinia mezani. Alipoufikia ule mfupa mmoja uliokataa kukauka akasimama. Kwa mara ya kwanza aliutazama sawasawa, kando ya mwenzake. Ulikuwa mfupi, mpana, mzito. Haukuwa wa mbuzi. Wala wa kondoo, wala wa swara. Akapitisha wanyama wote aliowajua, na alipobaki mmoja akaacha kuwaza.

"Madam, huu mmoja uko na shida."

"Tuko na mwingine?"

"Hatuna."

"Basi ukae. Msimamizi akikuta sinia tupu ataandika ripoti, na shule nzima iko matatani. Uweke kwa Kafiya. Huyo hakuji."

Akauweka kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha.

Watahiniwa walikuwa wamepanga foleni mlangoni Kafiya alipotokea, viatu vimejaa vumbi, hijabu imepauka kwa jua.

"Ai, Kafiya!" Katoo akasema. "Sisi tulidhani umeshaolewa Garissa, tukala pilau kwa mawazo!"

"Kaa na njaa yako," Kafiya akamjibu.

Hiram akamvuta kando. "Sikiza. Ukiona mfupa, andika mbuzi. Usiangalie."

"Mwalimu, si wewe ulitufundisha tuangalie kwanza?"

"Leo usiangalie!"

Msichana akamtazama kama anayemtazama mgonjwa, akaingia.

Hapo Hiram akaona njia. Darasa zima alikuwa ameshalifundisha kutotazama. Akiuhamishia mfupa ule kwa Katoo, au kwa yeyote mwingine, ataandika mbuzi na atapata alama zake zote. Mmoja tu mle ndani angeutazama. Akaingia, akafika meza ya mwisho, akanyoosha mkono kuchukua sinia.

"Mwalimu!" msimamizi akamkemea. "Bahasha imefunguliwa. Wewe ni wa somo hili, huruhusiwi humu. Toka."

"Nabadilisha tu..."

"Toka, ama niandike."

Akatoka. Akazunguka nyuma ya banda, akasimama mahali dirisha lilipomwonyesha meza ile. Ndani kalamu zilikuwa zikikimbia. Kafiya alikuwa ameushika mfupa kwa mkono wa kulia. Hakuugeuza, aliushika tu. Kisha akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezewa, akakaa hivyo kwa muda mrefu, na midomo yake ikawa inajibu. Wenzake walishafungua ukurasa wa pili. Baadaye akavuta ncha ya hijabu, akaufunika, ndipo akaanza kuandika.

Saa ilipokwisha wengine walitoka wakipigana makofi. "Mbuzi!" Katoo alikuwa akiimba. "Mbuzi ametuokoa!" Kafiya alibaki amekaa, na Hiram akamfuata.

"Uliandika mbuzi?"

"Mwalimu, umeutoa wapi?"

"Kafiya, nakuuliza. Uliandika mbuzi?"

"Waliuliza huyu mnyama anatembea vipi. Nikaandika kwa miguu miwili, amesimama wima." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Wakauliza jina lake. Nikaandika jina."

"Jina gani?"

"Hilowle."

Hiram akaketi kwenye stuli iliyokuwa karibu. "Utajuaje? Mfupa ni mfupa tu. Hakuna mtu anaweza kujua."

"Gusa huo wa Katoo. Uko baridi. Huu uliingia mkononi kama mtu anayenisalimu." Akafunua hijabu kidogo, akafunika tena. "Adeer yangu, ndugu ya baba, ndiye alinifundisha kusoma, kwa magazeti ya kufungia nyama. Sasa nimwite mbuzi, mwalimu? Kwa sababu ya alama?"

"Ungeandika tu, kisha tungemzika. Msahihishaji hangejua."

"Yeye angejua," Kafiya akasema.

Hiram hakuuliza yeye gani. Aliunyooshea mkono mfupa, na kabla hajaufikia akahisi joto lake, akaurudisha mkono. Nyuma yake, kwenye banda ambalo lilikuwa na watu wawili tu, mtu mwenye subira alihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Alasiri hiyo hiyo aliwapeleka Abdiladif na wanaume wengine hadi korongoni. Walimkuta Hilowle kati ya miamba, na shati lake, na sandali moja. Uti wa mgongo ulikuwa umelala kwa mpangilio, ukikosa pingili moja ya kiuno. Polisi walikuja wakasema ni kiu. Alizikwa Kajiado, amekamilika.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Darasa lote lilipata alama za swali la mfupa isipokuwa Kafiya. Alikosa daraja la udaktari kwa tofauti ndogo, wala hakukubali kurudia mtihani. Anauza vitambaa Kitengela. Abdiladif alifariki mwaka wa elfu mbili na saba, na hakumlaumu mtu. Madam Phylis alihamishwa shule kubwa zaidi, akastaafu huko. Katoo alisomea udaktari wa mifugo, na watu wa Ewuaso Kedong wanamsifu. Hiram aliacha kufundisha kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Alienda Kimana, akalima vitunguu, na huko ndiko alikofia. Banda la maabara lilibomolewa na mabati yakauzwa.