Ndama Watatu wa Kiwanda Kimoja

Barabara ya Mwese ina mashimo ya kutosha kuvunja chupa yoyote, lakini siku ile hata shimo moja halikunisaidia. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha pikapu ya Mzee Machibya, sanduku la mbao mapajani, na ndani yake chupa tatu za wiski zilizofungwa kwa khanga. Mbili hazikuwa na neno. Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi wiki nzima, na nilikuwa naiombea ajali ndogo tu, isiyomdhuru mtu.

"Shika vizuri, Ezekia," alisema Mzee Machibya huku akikwepa jiwe kwa ustadi ulioniudhi. "Hao ndama watatu ndio watakaokupa mke."

Mzee Machibya ni bosi wangu. Ana hoteli ya vyumba kumi na vinne Mpanda mjini, karibu na stesheni, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa baa yake. Ni Msukuma aliyefika Katavi kijana akiswaga ng'ombe wa baba yake, na mpaka leo kila kitu anakipima kwa ng'ombe. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo bosi alijitolea mwenyewe kuwa mshenga wangu. Tulikuwa tunakwenda kumposa Donatille, fundi cherehani wa pale sokoni, kwa wazazi wake Mwese. Ninampenda Donatille mpaka ninakasirika. Sijui kulisema kwa namna nyingine.

Chupa zile ziliachwa na Mskoti mmoja, mhandisi aliyelala kwetu miezi sita. Zote zilitoka kiwanda kimoja cha kwao. Moja ilikuwa imekaa kwenye pipa miaka kumi na miwili, ya pili kumi na mitano, ya tatu kumi na minane. Siku ya kuaga alizifungua zote, akanikalisha mezani saa tisa alasiri, akanifundisha. Usinywe, alisema, sikiliza. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Weka tone la maji. Zungusha ulimini, kisha umeze taratibu, ungoje kinachorudi.

Nikangoja, kikarudi. Ya kwanza ilikuwa na asali ya miombo na embe lililoivia mtini. Ya pili ilikuwa na asali ileile, lakini imeongezwa mdalasini na zabibu kavu. Ya tatu ilikuwa na vyote hivyo kwa mbali, na juu yake moshi, tumbaku, na harufu ya mbao ya mninga iliyotoka kupigwa randa. Nilishangaa kwamba vitu vitatu vinaweza kutofautiana kiasi kile na bado ukajua ni ndugu. Mskoti alicheka, akanipiga begani, kesho yake akapanda treni.

Mzee Machibya ana kisukari, hanywi. Alizifungia chupa kwenye kabati la kioo, akachora mstari wa kalamu kwenye kila lebo pale pombe ilipoishia, funguo akanipa mimi. Halafu akaenda Kahama kwenye mambo ya mifugo, akakaa miezi miwili.

Nani alimwambia aende miezi miwili? Siku ya kwanza nilionja zote tatu, kijiko kimoja kimoja, kulinganisha tu. Siku ya pili nilitaka kuhakikisha kama kweli nilisikia mninga. Wiki ya tatu sikuwa nalinganisha tena, nilikuwa nakunywa ile ya miaka kumi na minane, na nilijidanganya kwamba najifunza kazi. Bosi alipopiga simu kwamba anarudi, zile mbili zilikuwa zimepungua kidogo, nikazijazia maji ya vijiko viwili vitatu. Ya tatu ilikuwa imebaki robo. Nikachukua wiski ya bei chee ya rafu ya chini, nikachemsha majani ya chai hadi yakawa meusi, nikaunguza sukari kidogo kwa ajili ya rangi, nikamimina hadi kwenye mstari. Kwa macho ilipendeza kuliko hata ya mwanzo.

Ningeishi na siri hiyo miaka yote, maana kabati lile ni pambo. Lakini nilipomweleza bosi habari za Donatille, aliruka kitini. "Wenzako wote wanapeleka kreti za bia," alisema. "Sisi tutapeleka ndama watatu wa tumbo moja, na wewe utawaonjesha wakwe, utawaeleza mmoja mmoja. Nani Mwese amewahi kuposwa hivyo?" Nilijaribu kusema bia inatosha. Akaniambia nisiwe mnyonge.

Basi tukafika. Mzee Arcade, baba yake Donatille, alitupokea uani na ndugu zake wawili, wote wamevaa makoti ingawa jua lilikuwa kali. Mkewe Séverine, ambaye kila mtu anamwita Mama Donatille, alituletea maji ya kunawa. Huyu mama anapika pombe ya ndizi miaka thelathini sasa, na watu wanatembea kutoka vijiji vya mbali kuifuata. Nilikuwa nalijua hilo. Ajabu ni kwamba halikunitisha. Muda wote nilimwogopa Mzee Arcade na maswali yake, nikadhani mwanamke wa mtungi wa ndizi hatajua lolote kuhusu wiski.

Donatille alikuwa amekaa mlangoni na shangazi yake, macho chini kama inavyotakiwa, lakini aliyainua mara moja, akanikonyeza.

Mzee Machibya alihutubia. Alizungumzia urafiki, mvua, na fahali mmoja wa baba yake, kisha akanifungulia sanduku. Nikazipanga chupa mezani. Mama Donatille akaleta vikombe vidogo vya bati.

"Nyie ni wageni, lakini mila ni yetu," alisema Mzee Arcade. "Aliyeleta pombe anaonja kwanza, mbele ya macho yetu. Mshenga hanywi, tumesikia. Basi wewe kijana. Ukishaonja umetuambia hakuna ubaya ndani yake, na sisi tunakunywa kwa neno lako."

"Sawa, baba," nilisema.

Ya kwanza nilionja bila shida. Nikaeleza asali, nikaeleza embe. Vikombe vikazunguka, mmoja wa wale ndugu wawili akasema kweli embe lipo, mwingine akasema anasikia moto tu, watu wakacheka. Ya pili nikaeleza mdalasini. Mama Donatille alinusa muda mrefu, akaonja kidogo sana, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ego, ndiyo," alisema. "Huyu ni mdogo wake yule. Wamenyonya ziwa moja."

"Mkubwa wake, mama," nilisema. "Amekaa zaidi."

"Haya, mkubwa. Tupe kaka yao basi."

Nilimimina ya tatu. Niliimimina taratibu mno, Mzee Machibya akadhani ni madaha, akanikonyeza. Nikanusa: chai. Nikaonja: chai, sukari ya kuungua, na ule mkwaruzo wa rafu ya chini unaoshuka kooni kama msasa. Nikameza. Maneno yote nilikuwa nayo tayari, moshi, tumbaku, mninga, niliyakariri wiki nzima. Nikayasema, na yalitoka vizuri, hata mimi yalinipendeza.

Vikombe vikazunguka. Mzee Arcade alishika cha kwake bila kunywa, akimngoja mkewe, maana kwenye mambo ya pombe yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Mama Donatille alisogeza kikombe puani. Akakaa hivyo. Kisha akaninyanyulia macho, akaanza kukipeleka mdomoni.

Kwa nini hakukiweka chini? Kama angekiweka chini, ningekana, ningesema labda imeharibika na joto la njiani. Lakini alikuwa anakwenda kunywa, kwa sababu mimi nilikunywa. Nilimwona mwanamke mzima anakaribia kumeza uongo wangu kwa heshima, mbele ya watoto wake, na nilijichukia kiasi kwamba nilisimama nikapiga meza kwa goti.

"Mama, usinywe!"

Mzee Arcade akakitupa kikombe chake. "Umeweka nini humu?"

"Si sumu, baba. Ni chai. Ile yenyewe niliinywa mimi, bosi alipokuwa Kahama. Hii nimeitengeneza kwa wiski ya bei chee na majani ya chai. Bosi hajui. Zile mbili pia nimezitia maji kidogo."

Sijawahi kumwona Mzee Machibya akikosa ng'ombe wa kunifananisha naye. Kule mlangoni Donatille alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili, na mpaka leo sijathubutu kumwuliza alikuwa analia au anacheka.

Mama Donatille aliweka kikombe mezani, taratibu.

"Chai niliinusa tangu ulipomimina, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nangoja kuona utaniacha nifike wapi."

Wazee waliingia ndani kujadiliana. Mimi na bosi tulibaki uani bila kutazamana, naye alikuwa anapumua kwa nguvu puani. Waliporudi, Mzee Arcade alibeba ile chupa ya tatu, akanirudishia mikononi.

"Hizi mbili zinabaki, tutakunywa na majirani," alisema. "Hii ni yako. Kila Jumapili ukitoka ibadani utakunywa kipimo cha kidole kimoja, mpaka iishe. Usimgawie mtu. Ikiisha, mama atakuonyesha kupika ya ndizi, uipike wewe kwa mikono yako. Siku utakayoleta pombe usiyoogopa kuionja mbele yangu, tutaongea habari za binti."

"Na mimi je?" aliuliza Mzee Machibya, kwa unyonge wa ajabu.

"Wewe karibu ule, mzee. Wewe umedanganywa kama sisi."

Alikula. Mimi nilirudi Mpanda kwa bodaboda, chupa nimeifunga tumboni kwa khanga, na safari hii niliogopa kila shimo. Jumatatu bosi alichukua funguo za kabati, akanihamishia kufua mashuka. Hajaniongelesha zaidi ya salamu, ila mshahara hajaugusa.

Chupa ile ilikuwa na vidole kumi na kimoja. Ni mbaya kuliko dawa yoyote niliyowahi kupewa, na kila wiki inazidi kuchacha. Kila Jumapili jioni Donatille ananitumia ujumbe mmoja tu, bila salamu: "Vimebaki vingapi?" Nami namjibu kwa tarakimu. Wakati mwingine nazunguka chumbani saa nzima kabla ya kumimina. Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro, na chupa inaweza kuisha kwa dakika moja bila mtu kujua. Nimeshautazama mtaro ule mara nyingi.

Jumapili iliyopita nilikuwa na homa. Nilinusa tu, nikafunga kizibo. Ujumbe ukaja. Hesabu yake anaijua, jibu lilitakiwa kuwa mbili. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Kuandika mbili kungekuwa rahisi, halafu kile nilichokiacha ningekinywa kesho yake, na hesabu ingekuwa sawa.

Nikaandika: "Vitatu. Leo nimeshindwa."

Jibu halikuja. Nilikaa kitandani nikijilaani, nikatoka nje, nikarudi, nikahakikisha mtandao upo. Nusu saa ikapita, simu ikalia.

"Niko nyumbani Mwese, mama alikuwa anasoma na mimi," aliandika. "Anasema uje Jumamosi tufukie ndizi, zitakuwa zinaiva huku unamalizia hivyo vitatu."

Nikafungua chupa, nikamimina kidole kimoja, nikakinywa nimesimama.