Madoa Kumi na Moja

Mwalimu Marietha wa Kinyangiri alikuwa na valvu ya chuma moyoni kwa miaka sita. Ugonjwa wa utotoni uliiharibu yake ya kuzaliwa, madaktari wakaitoa na kuweka ya kutengenezwa. Tangu hapo kila jioni alimeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mwezi alipima damu kuona kama dawa imezidi au imepungua. Hakuwahi kuruka hata siku moja.

Mwezi wa tano alianza kuumwa kichwa vibaya, mpaka herufi ubaoni zikawa zinamchezea. Akapelekwa hospitali moja ya rufaa, akapigwa picha ya ubongo kwa MRI. Daktari kijana, Chrispin, alimwonyesha madoa meusi kumi na moja, madogo kama punje za ulezi. Alisema ni damu iliyovuja. Akamwagiza aache warfarin wiki mbili. Marietha alipouliza valvu itakuwaje, Chrispin alikiri kwamba hatari ipo, ila damu ya kichwani ilimtisha zaidi.

Nyumbani mumewe, Zefania, alizitoa dawa mezani akazishika mkononi. Marietha alimfikiria Klara, waliyelazwa naye wodi moja. Klara aliacha dawa siku kumi tu, damu ikaganda kwenye valvu. Walimzika Misigiri.

"Baba Eliana, nipe dawa zangu."

"Umeambiwa damu inavuja kichwani, na bado unataka kumeza?"

"Nimeambiwa na daktari mmoja. Nataka nisikie na wa moyo. Akisema niache, nitaacha."

Alipiga simu kliniki alikofanyiwa upasuaji. Muuguzi alimpa daktari wa zamu, naye akamwambia asiache, aje kesho yake na picha zote alizowahi kupigwa. Hapo Marietha akakumbuka kwamba baada ya upasuaji alichelewa kuzinduka, wakampiga MRI ya kichwa. Walipekua sanduku lote, wakaikuta CD chini ya vitenge. Zefania akampa dawa, akameza.

Safari ilichukua siku nzima. Kliniki walipokelewa na mzee Damiani, mtaalamu wa kusoma picha. Walimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwenye kompyuta. Aliziweka picha mbili sambamba, ya sasa na ya miaka sita nyuma, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja, na kumi na moja. Mahali pale pale.

Kisha akaagiza CT, picha ya eksirei isiyotumia sumaku. Kwenye picha hiyo madoa kadhaa yaling'aa meupe.

"Damu kidogo ya zamani isingeonekana hapa," alisema. "Hizi ni chembe za chuma, mwalimu. Nadhani zilitoka kwenye vifaa siku ya upasuaji, zikabebwa na damu. Ni ndogo mno, lakini sumaku ya MRI hukuza kivuli chake."

"Zitaniua?"

"Miaka sita hazijasogea. Kuacha dawa ndiko kungekuua."

Alimtahadharisha kwamba si kila doa ni chuma, mgonjwa mwingine anaweza kuwa anavuja kweli, ndiyo maana lazima kulinganisha. Walipompima, maumivu ya kichwa yalionekana ni ya presha iliyopanda. Daktari wa moyo akampa dawa ya kuishusha.

Wakati wa kurudi Zefania alitaka wafike moja kwa moja nyumbani. Marietha alikataa, akashuka kwenye ile hospitali ya rufaa, akamwekea Chrispin majibu mezani. Kijana aliyasoma taratibu mpaka mwisho.

"Ningekupoteza, mwalimu," alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa andika kwenye faili langu, ili atakayekuja baada yako asiniachishe dawa."

Chrispin alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya jalada kwamba madoa ni chembe za chuma, na warfarin isisimamishwe bila daktari wa moyo. Marietha alisoma mara mbili, akamrudishia aongeze tarehe na sahihi.