Moto wa Makokha

Mzee Kiplangat hakupiga kelele. Alisimama kando ya pikapu yake pale uani Olenguruone, akachovya kijiti ndani ya tangi, akakitoa, akakitazama, kisha akamtazama dereva wake.

"Makokha, gari hili linakunywa kuliko shemeji yangu siku ya harusi."

Makokha alicheka. Mzee hakucheka.

"Watu wanasema unauza dizeli yangu kule Molo. Mimi sijasema. Lipeleke kwa fundi Nakuru. Jumamosi uniletee ugonjwa wake. Ukiukosa ugonjwa, niletee ufunguo."

Njia nzima ya kushuka milima ya Mau, magunia ya viazi yakitikisika nyuma, Makokha hakupiga mluzi kama desturi yake. Kazi nyingine angepata. Jina jingine angelitoa wapi? Reli ndiyo iliyomtoa kwao kwa Wabukusu kumleta Nakuru, akachochea moto wa garimoshi tangu enzi za kuni, na alipoacha hakuna aliyemdai hata kipande cha gogo. Tena mwaka ule wa hamsini na nane pikapu za dizeli zilikuwa za kuhesabika. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuendesha moja upande ule wa Mau, na wanawake shambani waliinua majembe kumsalimu waliposikia ngurumo yake. Leo salamu zile zilimchoma.

Fundi Achola, Mjaluo mrefu aliyekuwa na gereji nyuma ya stesheni, alilizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Moshi mweusi?"

"Hakuna."

"Linavuta mlimani?"

"Linavuta kuliko wewe ukiitwa kula."

Achola alizima injini, akavua koti. Alifungua chujio la hewa, akakuta vumbi la Bonde la Ufa kidogo tu, la kawaida. Akalisafisha. Akapapasa mabomba yote ya mafuta kwa kidole kikavu. Kidole kikabaki kikavu. Akazungusha magurudumu moja moja kuona kama breki zinashika, akapima upepo, akazifungua nozeli za dizeli na kutazama jinsi zinavyonyunyiza. Zilinyunyiza ukungu safi. Mwisho akajaza tangi hadi shingoni, wakaenda Njoro na kurudi bila kusimama, akajaza tena. Kilichoingia kilikuwa kidogo hata akainama kuhakikisha.

"Omera, ndugu yangu," akasema, akijifuta mikono polepole, "gari hili ni zima."

Makokha alilitazama gari. Gari likiwa zima, mgonjwa ni nani?

"Achola, unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana kesho napanda nawe mpaka Mau. Nataka kuona dizeli inashukia wapi."

Kesho yake, Ijumaa, wakapanda. Walipofika Molo Makokha aliegesha mbele ya mkahawa, akavuta kidogo kishikio cha mkono cha kuiongezea injini mafuta, akashuka, akaagiza chai na mandazi. Wakakaa. Wakazungumza habari za mvua, za mtoto wa Makokha aitwaye Wasike aliyetaka kuwa mwalimu, na za bei ya kabichi. Chai ya pili ikaja. Nje pikapu ilikuwa inanguruma.

"Umesahau kuzima," Achola akasema.

"Sijasahau."

"Mbona linanguruma?"

Makokha alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Injini haizimwi ovyo, Achola. Moto ukilala, kuuamsha ni nusu siku. Na ukiuacha mdogo sana utakufa, ndiyo maana nauongeza kidogo."

Achola aliweka kikombe chini.

"Ukiwa unapakia viazi?"

"Linanguruma."

"Foleni ya sokoni Nakuru?"

"Linanguruma."

"Kanisani?"

"Kanisani naegesha mbali, lisimsumbue mchungaji."

Achola alicheka mpaka mama mwenye mkahawa akachungulia kutoka jikoni. "Wewe! Hii si garimoshi! Hakuna maji ya kuchemsha humu! Ukizima, ukitaka tena unawasha, basi!"

"Asubuhi huwa inakataa kuwaka. Napigana nayo."

"Asubuhi imelala na baridi ya Mau usiku kucha. Hata wewe hukataa kuamka. Ikiwa na joto haikatai."

Walitoka nje. Makokha akazima. Kimya kilichofuata kilimtisha, kama kimya cha chumba cha mgonjwa. Akawasha. Injini ikaitika mara moja.

Akasimama pale akiushika mlango. "Basi mimi ndiye niliyeimaliza dizeli ya mzee."

"Ni wewe, na hata hukuionja." Kisha Achola akapunguza sauti. "Sikiliza. Tutasema chujio lilikuwa limeziba. Nimelisafisha kweli, si uongo mkubwa. Hakuna atakayekucheka."

Makokha alifikiri. Kuchekwa kulimwogopesha, kwa kuwa watu wa Mau wakipata kichekesho hukilea kama ndama.

"Mzee alitaka ugonjwa," akasema. "Chujio si ugonjwa."

Jumamosi majirani walikuwa wamejaa uani, wengine wakiwa wale wale waliovumisha habari za Molo. Makokha aliingia, akazima injini, akashuka. Alivua kofia akasimama wima, akaeleza yote, hata la kanisani. Watu walicheka hadi wengine wakajishika mbavu. Hakuinamisha kichwa.

Mzee Kiplangat peke yake hakucheka. Aliwangoja wamalize.

"Nimeishi na watu wanaoiba na kukana," akasema. "Huyu hakuiba, na amekiri. Nani kati yenu aliniambia habari za Molo?"

Waliojishika mbavu wakashusha mikono.

"Vizuri. Makokha, vaa kofia. Twende sokoni."

Mzee, ambaye mara chache alizosafiri alipenda kukaa nyuma na mizigo yake ailinde, safari hii alipanda mbele. Kila walipokuta watu alimwamuru Makokha asimame na azime, kisha akatoa kichwa dirishani na kuhadithia mwenyewe, akimalizia kwa sauti ya kusikika bondeni: "Na huyu ndiye dereva wangu!" Makokha aligusa ufunguo, injini ikaitika, wakaendelea hadi kwa watu wengine.