Mpira wa Pampu

Mashine ya boti ilifungwa kwenye stendi ya mbao pale karakanani, na fundi aliizunguka siku tatu bila kuigusa. Wateja walidhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi, ndiyo, lakini woga ulikuwa mwingi zaidi. Wiki mbili nyuma, mashine hiyohiyo ilizimika katikati ya maji ikiwa imembeba baba yake, kifua kimembana, wakimkimbiza hospitali ya ng'ambo. Mdogo wake, ambaye ndiye nahodha, alipiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Walipofika, mzee alikuwa ameshakata roho.

Msiba ukiwa mzito hutafutiwa mwenye kosa, naye hupatikana upesi. Nyuma ya mashine hutoka mchirizi mwembamba wa maji muda wote injini inapozunguka. Ukikatika, ujue maji ya kupoza hayapandi tena, na nahodha anatakiwa azime haraka kabla injini haijanoki kwa joto. Hata abiria wanalijua hilo. Mdogo mtu alikiri mwenyewe kwamba hakuona mchirizi ulikatika saa ngapi, kwa sababu baba alimwita, naye akageuka kumsikiliza. Basi kesi ikaisha hapo. Mama, ambaye maneno kwake ni ya kupima, aliacha kumsemesha. Chakula alimwekea mezani, lakini salamu yake hakuiitikia.

Siku ya nne fundi alijikaza, akafungua mguu wa mashine na kuitoa pampu ya maji. Ndani yake hukaa mpira wa duara wenye mapanga sita, mfano wa feni ndogo. Alikuta mapanga mawili. Manne yalikuwa yamekatika shinani, na vipande vyake vimeziba njia ya maji. Alikaa chini palepale, kwenye oili.

Mafundi wa boti wana ujanja wao wasiouandika popote. Mpira ukichoka, mapanga hulala upande mmoja. Kama spea haijafika, unaugeuza, yaliyolala huku yalazimike kukunjika kule, na maji yanaruka kana kwamba umefunga mpya. Mwenye boti anaondoka anacheka. Lakini mpira uliokwisha kuzoea upande mmoja, ukiulazimisha mwingine, huanza kupasuka kimyakimya. Ni kazi ya kulipua, tusidanganyane. Fundi aliugeuza mpira wa mdogo wake, akamwambia ni mpya, na spea ilipofika akamfungia mteja mwingine aliyekuwa akimpigia kelele. Hakulikumbuka jambo lile hadi siku ya msiba, na tangu hapo hakulisahau hata saa moja.

Sasa mpira mpya kabisa ulikuwa juu ya rafu. Angeufunga, avitupe vipande, na nani angejua? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa wiki mbili wa mdogo wake aliuona mwepesi hasa. Alikuwa akimpigapiga begani, akimwambia ajipe moyo, kwamba hakuna binadamu asiyekosea. Alipoyakumbuka maneno yake hayo, aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Akavifunga vile vipande kwenye kitambaa, akaenda nyumbani.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Mdogo wake alikuwa ukumbini akikaza mguu wa kiti ambao haukuwa umelegea. Fundi alimwita, akafungua kitambaa juu ya meza, akaeleza yote tangu mwanzo. Kuchelewa kwa spea hakukutaja. Mama aliviangalia vile vipande bila kuvigusa.

"Ulimwambia mwenzio ni mpya?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukakaa unaniangalia nikimnyima salamu."

"Nilikuwa nashuku, mama. Niliogopa kufungua."

Alingoja kofi. Angelipokea kwa mikono miwili. Lakini mama alikung'uta vumbi la mchele viganjani, akamgeukia mdogo mtu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamtazama usoni.

"Mwanangu, nisamehe. Baba yako alipokuita, alikwambia nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Wote walimuuliza habari za mchirizi, za injini, za alikuwa akitazama wapi. Mdogo mtu alimwangalia kaka yake kwanza, na fundi aliona wazi kwamba anaonewa huruma.

"Tuliache kwa leo, mama."

"Sema, mwanangu."

Akainamisha kichwa. "Aliniona nina wasiwasi. Akasema, tulia, mashine kaifunga kaka yako, itatufikisha."