Neno la Shukrani

Klabu ya Jirani Kwanza ilikuwa na sheria nyingi, na karibu zote zilitoka kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye mkasi mkali na ulimi mkali zaidi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Katiba. Jina hilo alipewa kwa kejeli, yeye akalipokea kama cheo.

Klabu yenyewe ilizaliwa chumbani kwake, pale pale penye cherehani. Upepo ulikuwa umeezua paa la zahanati, na majirani wachache wakakutana kwake, wakakalia majora ya vitambaa kwa kukosa viti, wakakubaliana kulirudisha paa wenyewe badala ya kuwangoja wakubwa. Walilirudisha kweli. Kazi ilipokwisha hawakutaka kutawanyika, maana walikwisha kuonja utamu wa kusifiwa. Wakazibua mitaro, wakachangia damu, wakajenga ukumbi wao chini ya mteremko, karibu na zahanati ile ile. Kisha wakanunua kiti cha magurudumu, cha kumwazima mgonjwa yeyote wa mtaani hadi apone.

Kiti hicho kilikuwa fahari yao. Kila mwaka, wiki ya sherehe ya klabu, wanachama walikutana nyuma ya ukumbi wakakipaka upya rangi ya buluu huku wakipigwa picha. Na kila mwaka mtu mmoja aliyewahi kuazimwa kiti aliitwa mbele atoe neno la shukrani. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Mama Katiba. Aliona kwamba mtu akipewa kitu asishukuru mbele za watu, atadhani kimedondoka tu kutoka mbinguni.

Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kwanza: mwanachama hutoa, hapokei. Aliitunga ili watu wasije klabuni kutafuta cha kubeba nyumbani, na kwa kweli ilifanya kazi. Wavivu walikimbia wenyewe.

Sasa klabu ilikuwa inatimiza miaka thelathini, na Mama Katiba alikuwa amevunjika nyonga.

Aliteleza bafuni, basi. Daktari alimkataza kukanyaga chini kwa miezi kadhaa. Maumivu aliyavumilia, kilichomnyima raha ni sherehe. Waanzilishi wenzake walikuwa wamekufa au wamehama, akabaki yeye peke yake wa kuisimulia historia ya klabu. Alikuwa ameiandika yote, akaikariri hadi mkwe wake, mke wa mwanawe anayeishi naye, akaijua kwa moyo bila kutaka. Kuikosa siku hiyo kungemuua kabla ya nyonga.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa kinyozi, mtu mpole ambaye kipara chake kiliwafanya wateja wamcheke kabla hata hawajakaa. Alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na machungwa, na nimekuja na wazo. Kile kiti chetu kipo stoo, hakina mtu. Tukuletee, siku ya sherehe ushuke nacho."

"Sheria ya kwanza inasemaje?"

Kinyozi alikuna kipara. "Lakini mama, hiyo sheria umeitunga mwenyewe."

"Ndiyo maana siwezi kuivunja. Angeitunga mwingine ningeshaivunja zamani."

"Basi vijana wakubebe."

"Nibebwe kama gunia, sketi inaning'inia, mtaa mzima unakodoa macho? Thubutu!"

Mkwe wake alikuwa pembeni akikunja nguo, na uvumilivu ukamwishia. "Mama, kiti hutaki, kubebwa hutaki. Sherehe utaisikilizia dirishani."

Neno hilo lilimwingia. Mama Katiba aliitazama cherehani yake iliyofunikwa kitambaa, akapiga moyo konde.

"Basi najiuzulu," alisema. "Kuanzia sasa mimi si mwanachama. Mimi ni mgonjwa wa mtaani. Nileteeni kiti."

Kinyozi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Na historia ataisoma nani?"

"Wewe. Asiye mwanachama hasomi historia ya klabu." Alilisema kwa uso mkavu, lakini liliuma.

"Sawa, mama." Kinyozi alikohoa kidogo. "Ila kuna jambo. Mwaka huu hatujapata mtu wa neno la shukrani. Na kwa kuwa kiti utakuwa nacho wewe..."

Mama Katiba alijua anaelekea wapi. Kwa mara ya pili siku hiyo sheria yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia ikamkodolea macho.

"Nitashukuru," alisema.

Siku ya sherehe kiti kilifika kikiwa kinang'aa, bado kinanuka rangi. Alivaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya hotuba ambayo hataitoa, mkwe akamsukuma taratibu hadi barabarani. Nyumba yao ilikuwa juu, ukumbi uko chini. Katikati ya mteremko kamba ya kiatu cha mkwe ikakatika. Akavuta breki, akaachia mikono, akainama.

Kiti kikaondoka.

Kilianza polepole, kikachanganya. Mama Katiba alikamata kishikio cha breki akakivuta kwa nguvu zote, nacho kikaja kilaini tu, hakikubana kitu. "Mwanangu, naenda!" alipiga kelele, na mkwe akaanza kukimbia na kiatu kimoja.

Aliyemwahi hakuwa mkwe. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mama wa makamo anayechechemea, aliyekuwa akianika mashuka mbele ya nyumba yake. Alitupa shuka chini, akadaka mpini wa kiti kilipompita, akakipinda kulia mpaka gurudumu likakwaruza ukuta wake na kusimama. Hakuhangaika hata kidogo. Ungedhani ameifanya kazi hiyo mara nyingi.

Mama huyu na Mama Katiba walikuwa na lao. Zamani alipovunjika mguu aliazimwa kiti hicho hicho, akatoa neno la shukrani kama wengine, na tangu siku ile salamu yake kwa Mama Katiba ilikuwa ya nusu mdomo. Mama Katiba hakuchoka kumsema. Mtu tumemsaidia, alikuwa akiwaambia wateja huku ana pini mdomoni, leo anatuona kama hatupo. Hana shukrani.

"Umeumia?" mpishi aliuliza.

"Breki imekatika!"

"Haijakatika. Haijawahi kushika." Aliinama akagonga chuma kwa ukucha. "Si mnakipaka rangi kila mwaka? Mnapaka na hapa, juu ya rangi ya zamani. Imejaa, imeganda, chuma hakifiki kwenye gurudumu. Kwenye mteremko unakwenda umeegemea ukuta. Kila aliyekikalia anajua."

"Kila aliyekikalia?"

"Tunaambiana. Ukisikia mtu kapewa kiti, unaenda kumwona, unamwambia habari ya breki. Kwako sikuja, nisamehe. Nilidhani wewe ndiye mwenye kiti, utakuwa unajua." Alivuta gauni kidogo akaonyesha kovu refu kwenye muundi. "Hili nililipata kiliponitupa mtaroni pale chini. Mguu mmoja umevunjika, wa pili ukachanika."

"Sasa mbona hukusema, dada yangu?"

"Nisemee wapi? Mliniita mbele nishukuru. Ukaniambia dakika tatu, na jina la klabu nilitaje mara mbili. Hapo katikati breki ningeiingiza saa ngapi?"

Mkwe alifika akihema, kiatu mkononi. Mama Katiba alikumbuka vizuri sana. Ile sheria ya mara mbili ilikuwa yake. Miaka yote hiyo alikuwa akimsengenya mwenzake mtaani, na mwenzake ana kovu la kiti chake. Aliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakamwaka.

"Twende wote ukumbini," alisema mwishowe.

"Mimi sikualikwa."

"Na mimi si mwanachama. Twende."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kinyozi alisoma historia vizuri, kwa sauti ya kutosha: upepo na paa, majora ya vitambaa, mitaro, damu, kiti. Mama Katiba alikaa mbele akisogeza midomo pamoja naye. Kisha wakafika kwenye sentensi ambayo yeye mwenyewe aliifuta na kuiandika upya mpaka ikanyooka: "Na katika miaka yote hii, klabu yetu haijapokea hata lalamiko moja."

Watu wakapiga makofi. Mama Katiba alitamani ardhi ipasuke, aingie yeye na kiti chake.

"Sasa," kinyozi alisema, "tusikie neno la shukrani."

Mkwe akamsogeza. Mama Katiba alitazama nyuso zile, nyingi zikiwa zimekwisha kuweka tabasamu la kusubiri.

"Nilipewa kiti, na nimefika. Lakini nusura nifikie mtaroni, kwa sababu breki haishiki."

Mtu mmoja alicheka.

"Sitanii. Tumeipaka rangi mpaka tumeiua. Sisi wenyewe, kwa mikono yetu, huku tunapigwa picha. Hilo ni lalamiko la kwanza. Nyie mliowahi kukikalia, kina nini kingine?"

Kinyozi alitazama sakafu. Kimya kiliendelea mpaka Mama Katiba akaanza kuogopa kwamba amechelewa sana, kwamba watu hawa wamezoea kunyamaza na hawatasema tena mbele ya mtu kama yeye. Ndipo mpishi akasema kutoka mlangoni, "Pa kuwekea miguu ni chini mno. Panagonga kila kizingiti."

"Ni kizito," dereva mmoja mstaafu alidakia. "Mke wangu aliumia mgongo kwa kunisukuma."

Halafu akasimama mwanamke mmoja aliyejifunga khanga, mtu ambaye Mama Katiba alimjua kwa sura tu. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikirudisha kabla sijapona. Sherehe ilikuwa imekaribia, na sikutaka zamu ya kushukuru inifikie."

Hilo lilimuuma Mama Katiba kuliko nyonga. Alitaka kusema pole, machozi yakamtangulia, na hakuyaficha.

Baada ya sherehe kinyozi alimfuata uani, msasa mkononi, tayari kukwangua rangi siku hiyo hiyo. "Mama, kule kujiuzulu kwako bado hatujakubali."

"Kubalini. Nikipona nitaomba upya kama watu wengine. Na ile sheria ya shukrani?"

"Tutaijadili kwenye kikao."

"Msiijadili. Ifuteni. Na ile ya kwanza nayo, mtu akivunjika nyonga ndipo atajua ina kasoro gani."

Kinyozi alikwangua breki mpaka chuma kikaonekana, lakini kupanda mlima bado kulitaka mikono. Mkwe alikuwa anachechemea na kiatu chake kilichofungwa kwa kamba ya katani, kwa hiyo mpishi alishika mpini bila kuombwa. Walipanda taratibu, magurudumu yakilia. Karibu na ule ukuta uliokwaruzwa, Mama Katiba aligeuza shingo na kufungua mdomo.

"Wee!" mpishi alimkatiza, akihema. "Ukinishukuru tu, nakuachia hapa hapa."

Mama Katiba akaufunga mdomo, wakaendelea kupanda.