Dakika Mbili za Maige

Wiki ya sita baada ya Maige kuzikwa, fundi Denis aliishiwa visingizio. Mjane wa marehemu, Febronia, alikuwa amempigia mara nne kutoka Ushirombo, na mara zote nne alijibiwa kwamba sauti ya mumewe "bado inashughulikiwa." Hapakuwa na cha kushughulikia. Denis alijua kilichomo kwenye kile kikadi cha kutunzia sauti tangu jioni ya ajali, alipokisikiliza peke yake ofisini kwake Kahama, akakitia kwenye bahasha na kuifungia kabatini kana kwamba aibu nayo hufungiwa.

Febronia hakuomba makubwa. Asubuhi ya siku ya ajali yeye na mumewe waligombana. Hakutaka mumewe arudi shimoni, maana matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, yalikuwa yameoza na kila mtu alijua. Maige akaondoka bila kuaga, na yeye akakaa ndani makusudi asimsindikize. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: mumewe alikufa akiwa bado amemkasirikia, au la. Habari kwamba Maige aliongea kwenye simu kabla ya kifusi cha pili kuanguka zilikuwa zimemfikia.

Simu hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya Denis, na tuseme ukweli, alijivuna nayo kupita kiasi. Ilikuwa na waya mmoja kutoka juu hadi chini ya duara, yaani shimo la wachimbaji, kipaza sauti huku na kingine kule, na kijisanduku chenye kumbukumbu ndogo. Sauti ilipopita iligeuzwa kuwa namba, baiti kwa baiti, zikapangwa mahali ambapo waandishi wa programu wanapaita bafa. Bafa ile ilitosha dakika mbili. Ikijaa, sauti mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Ukisikia jambo la kutunza unabonyeza HIFADHI, na mazungumzo yakiisha programu inaliandika kwenye kikadi.

Hapo kwenye HIFADHI ndipo alipojimaliza. Maktaba ya programu aliyoitumia, yaani amri zilizoandikwa tayari na wengine, ilimpa njia mbili za kuchukua baiti kutoka kwenye bafa. Ya kwanza inazinakili zote na kuziweka pembeni. Ya pili inakupa kipande, na kipande ni dirisha tu: unaziona baiti zile zile, mahali pale pale, na zikiandikwa upya nawe unaziona mpya. Maelezo yalisema hivyo kwa sentensi moja, tena fupi, na Denis aliipitia mbio mbio. Kunakili kulikula kumbukumbu, na ya kijisanduku ilikuwa finyu, kwa hiyo akachagua kipande na kujipongeza kwa ubahili wake. Alikijaribu kijisanduku mara thelathini. Kila mara alibonyeza HIFADHI, akanyamaza na kukata simu ili asikilize, na kila mara sauti ikatoka safi. Haikumjia akilini kwamba mtu aliye juu ya duara lililoporomoka hanyamazi.

Siku ya ajali alikuwa pale machimboni kubadilisha betri. Udongo uliposhuka, Kamili, msimamizi wa duara, alikimbia na wenzake wote kufuata kamba na makoleo kwenye duara la jirani. Denis akabaki peke yake na simu. Ikalia. Maige, aliyefungiwa kule chini, akaanza kuongea polepole, kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma.

Denis ni Msukuma wa jina. Alizaliwa Mwadui, kwenye nyumba za kampuni ya almasi, ambako watoto wa makabila yote walicheza kwa Kiswahili na wazazi wake wakaona hayo ndiyo maendeleo. Kisukuma chake kilikuwa mwangaluka ya kusalimia na wabeja ya kushukuru, basi. Alisikiliza dakika moja na nusu bila kuambulia kitu. Akabonyeza HIFADHI, akijipa moyo kwamba Kamili atakuja kumtafsiria, kisha akabonyeza kitufe cha kuongea. Simu ile ilikuwa ya kupokezana. Wa juu akiongea, wa chini hasikiki. Alipokuja kukiachia, kifusi cha pili kilikuwa kimeanguka, na kule chini kulikuwa kimya.

"Mwambie alisema amemsamehe," Kamili alimshauri kwenye simu, siku alipokata shauri kwenda Ushirombo. "Nani atakupinga? Mwanamke apumzike, na wewe upumzike."

Njia nzima Denis aliufanyia mazoezi uongo huo, na alipopiga hodi aliuona umemkaa vizuri mdomoni.

Febronia alikuwa amevaa kama anayekwenda misa. Alikuwa amemtuma binti yake, Aneth, kwa bibi yake, maana alitaka asikilize kwanza yeye mwenyewe.

"Karibu, shemeji. Umeileta?"

"Nimeileta, Mama Aneth. Lakini mashine iliharibika kidogo, sauti haisikiki vizuri. Mimi nilimsikia. Alisema... alisema amekusamehe. Hana kinyongo."

Mama yule alifumba macho. Kwa kitambo kidogo Denis alidhani kazi imekwisha, na moyo wake ukalegea.

"Alisemaje?" Febronia akauliza, macho bado yamefumbwa. "Nitajie kwa maneno yake. Sisi humu ndani hatuongei Kiswahili."

Hata lugha ya kudanganyia Denis hakuwa nayo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akaona afadhali angetukanwa.

"Nisamehe, shemeji. Sijui alisema nini. Aliongea muda mrefu na sikuelewa hata neno. Nilitaka kuitunza sauti yake, lakini niliipanga mashine vibaya. Nilipoanza kuongea mimi, sauti yangu iliandikwa juu ya yake. Kosa ni langu, si la mashine."

"Yote?"

"Yote."

"Basi weka nisikie hicho kilichobaki."

Alijaribu kumkatalia kwa upole, lakini mama alinyoosha shingo kuelekea kompyuta na kungoja. Denis akaingiza kikadi. Sauti yake mwenyewe ikajaa sebule, kali, ya mtu aliyepagawa: "Maige! Sikuelewi! Sema Kiswahili! Unanisikia? Sema Kiswahili, Maige! Kiswahili!" Ikaendelea hivyo hivyo dakika mbili, mtu anamfokea mwenzake aliyefukiwa na udongo kama mwalimu anayemfokea mtoto darasani. Ilipokatika, Denis alikuwa anatazama sakafu.

Febronia hakulia. Alikuwa amekunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Maige alijua kwamba Kisukuma hukijui," alisema. "Alikuwa anakucheka hapa hapa. Anasema, huyu fundi wetu hata ukimtukana anakushukuru."

"Alijua, ndiyo."

"Na siku ile alijua ni wewe uliye juu?"

"Nilipopokea nilijitaja. Aliitikia."

"Sasa muda wote huo, alikuwa anaongea na wewe?"

Denis aliinua uso. Kwa wiki sita alikuwa amejilaumu kwa baiti, kwa kipande, kwa sentensi moja aliyoiruka, na hata mara moja hakujiuliza hilo. Ni yeye aliyewaambia wachimbaji kwamba mashine inatunza. Maige alimwamini.

"Alikuwa anaongea na mimi," Febronia alisema, na hapo sauti yake ikavunjika. "Hakuondoka na hasira. Mtu mwenye hasira angenyamaza. Aliongea na mimi, na wewe ukamkatiza."

"Nilimkatiza," Denis alisema. Alilia bila kujificha.

Kisha Febronia alijifuta kwa ncha ya kitenge, akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Irudie, shemeji. Kuna mahali unavuta pumzi. Labda yeye yupo hapo nyuma."

Denis alijua hayupo. Bafa ilikuwa imezunguka nzima, na hapakuwa na baiti hata moja ya Maige iliyosalia. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akairudia.