Maharagwe ya Wageni

Maharagwe yalikuwa bado magumu kidogo. Waridi alichota moja kwa kijiko, akalipuliza, akalibana kati ya ulimi na kaakaa, kisha akavuta kuni moja ili moto upungue. Maharagwe meupe hayataki haraka. Yakichemka kwa nguvu yanapasuka, na Patron Renzo hakupenda maharagwe yaliyopasuka.

Kwa miaka minne alikuwa akimpikia Mwitaliano huyo, mnunuzi wa dhahabu mwenye kambi karibu na Lusangi. Ndiye aliyemfundisha kuyapika namna ya kwao: kuyaloweka tangu jana yake, kitunguu saumu, nyanya, majani makavu yenye harufu kali yaliyotoka Italia ndani ya kopo, chumvi mwishoni. Halafu mafuta ya zeituni, kijiko kimoja tu, na chupa inarudi kabatini. Mawese hayakuruhusiwa kuisogelea sufuria ile.

Ilikuwa siku ya tatu tangu shimo la dhahabu liporomoke. Nourdine, mdogo wake, alikuwa ndani na wenzake wawili.

Waridi ndiye aliyemtoa kwao Nyangwe, kando ya mto, kwenye mtumbwi na nyavu za marehemu baba yao. Alimwombea kazi jikoni humu humu, akiwa na mwiko mkononi. "Ni kijana mwenye nguvu," alimwambia Patron. Sasa maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Patron Renzo aliingia na buti zenye matope. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wageni wa Kindu wanafika saa sita. Maharagi iko?"

"Iko karibu, Patron."

Hakuondoka. Aligusa ukingo wa meza, akautazama mkono wake. "Pompe ya kuvuta maji inatoka leo. Lile shimo ni maji tu. Nasikitika, Mama Waridi. Lakini wale watu hawako wazima tena."

"Najua hawako wazima."

"Basi?"

"Basi hatuwezi kumwacha mutu wetu mule. Anaoshwa. Anavishwa sanda. Anasaliwa."

Mzungu aligeuka, akatoka.

Waridi alibaki akisikiliza. Tangu alfajiri alikuwa amezoea mlio wa masepetu kule bondeni. Ulimtuliza kidogo, kama mtu anavyotulizwa na pumzi za mgonjwa. Sasa haukusikika. Muzaliwa, kiongozi wa wachimbaji, alikuja hadi mlangoni, matope yamemkaukia hadi kwenye nyusi.

"Yaya Waridi, dada yetu, watu wamechoka. Tangu jana asubuhi hakuna aliyetia kitu tumboni. Patron akitoa pompe, tunaacha kuchimba."

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Na wakikula?"

Muzaliwa aliitazama sufuria. Ilikuwa kubwa, kwani wageni huja na walinzi na madereva. Alimeza mate. "Wakikula, tutatoa maji kwa mabeseni. Labda."

Waridi alitia chumvi. Akalifungua kabati, akaitoa chupa ya zeituni, akaimimina yote. Mafuta yalienea juu ya mchuzi, ya kijani na dhahabu. Kisha wakapitisha mti kwenye vishikio vya sufuria, Muzaliwa mbele, yeye nyuma, wakateremka polepole, mvuke ukimuunguza usoni.

Bondeni wanaume walikuwa wamelala ubavu juu ya udongo mwekundu. Mado, mke wa mmoja wa wale wengine wawili waliofukiwa, alikaa peke yake ukingoni. Alipoiona sufuria, akainuka bila kuambiwa, akaanza kugawa.

"Haya maharagi hayana rangi ya mawese," alisema mmoja.

"Kula, nyamaza," mwenzake akamjibu, vidole vikimeremeta mafuta.

Walikuwa wakikwangua sahani Patron alipotokea juu ya njia. Nyuma yake gari la wageni lilikuwa likiunguruma.

"Waridi! Chakula cha wageni kiko wapi?"

"Ndicho hiki."

Aliwatazama wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

"Kesho usiwe hapa."

"Sitakuwa. Nitaondoka nikishamzika ndugu yangu."

Pompe ilitolewa kweli. Wachimbaji waliiacha ipite, kisha wakajipanga mstari kutoka kwenye maji hadi juu, na mabeseni yakaanza kupanda.

Saa nane walimpata Nourdine. Mkono kwanza, halafu bega. Muzaliwa aliivua kofia yake. Wanaume walimwosha nyuma ya turubai, na walipomaliza wakamwita Waridi amuone uso. Walikuwa wamemwosha vizuri, lakini chembe ya udongo ilibaki kwenye pembe ya jicho. Waridi aliitoa kwa ncha ya kitenge, taratibu, kana kwamba angemwamsha.

"Nisamehe," alisema. Kisha akasogea, wakamfunika.

Walimzika mteremkoni baada ya sala ya alasiri. Waridi alisimama mbali kidogo, akihesabu kila sepetu la udongo bila kutaka kuhesabu. Watu walipotawanyika, Muzaliwa alimjia.

"Kuna Wamaza na pikipiki yake ya abiria, yaya. Ukipanda sasa hivi utafika kwenu kabla ya giza."

"Na nyinyi?"

"Wawili wako ndani bado."

Pikipiki ilingoja, injini ikitetema. Bondeni mstari ulikuwa umejipanga upya, na kati ya Mado na mzee mmoja aliyechoka palikuwa na nafasi tupu; kila beseni likifika hapo, Mado alilazimika kupiga hatua mbili ndani ya matope.

Waridi alikaza kitenge kiunoni, akashuka. Aliingia kwenye ile nafasi, akapanua miguu ili asiteleze, akanyoosha mikono. Mado alimpa beseni, zito, maji yakimwagikia vifundoni, na Waridi akageuka nalo.